MAFUTA YA GIABOKSI NA MSHAHARA WA DEREVA



Naomba nafasi kidogo katika karatasi yetu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengine wataona si la chama. Watasema, sisi ni watu wa relwe, motokaa zatuhusu nini? Nami nawajibu hivi: wengi wetu tuna ndugu wanaokula kwa usukani, na wengine wetu tumekopa fedha tukanunua motokaa kuukuu, tukawapa jamaa nyumbani waziendeshe. Tena jambo lenyewe ni la mfanyi kazi kukatwa mshahara kwa kosa asilolitenda. Kama hilo si la chama, basi sijui la chama ni lipi.

Mimi ni fitta wa karakana ya relwe Nairobi. Shule yangu ni ya misheni, nikaishia darasa la nane. Kwetu ni Madogo, ng'ambo ya Mto Tana ukitoka Garissa. Mtoto wa mama yangu mdogo ni dereva, na kazi yake ni kuchukua watu na mizigo kati ya mji wa Dadaab na Ifo, kwa Toyota Probox ya gia otomatiki ambayo si yake. Ifo ni kambi ya kwanza kufunguliwa pale Dadaab, mwaka 1991, kisha Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Zote tatu zilipangwa kwa watu 90,000, na mwaka 2011, wakati wa njaa ya Somalia, walipita 400,000. Mahali penye watu namna hiyo pana kazi ya motokaa usiku na mchana, na njia yenyewe ni mchanga wakati wa jua na tope wakati wa mvua. Probox imetengenezwa kwa watu watano. Mimi nimeipanda pale tukiwa tisa na mbuzi mmoja, na madumu ya maziwa juu.

Novemba 2023 mvua za El Niño ziliponyesha, Mto Tana ulikata barabara kati ya Madogo na Garissa, na huko Dadaab maji yakaingia makambini. Tajiri wa ndugu yangu hakusimamisha gari. Kila siku alitaka hesabu yake. Ndugu yangu akapita katika maji yaliyofika juu ya magurudumu, si mara moja. Siku moja gari likakwama kabisa, na lori likalivuta kwa kamba toka Ifo mpaka Dadaab, injini imezimwa, gia iko N. Baada ya siku chache aliona gari linachelewa kushika anapotia D. Akamwambia tajiri: giaboksi yataka kufunguliwa itolewe mafuta. Akajibiwa kwamba mafuta ya giaboksi otomatiki hayabadilishwi, ni ya maisha, tena fundi atakayeyagusa ndiye atakayeiua. Februari 2024 gari likasimama, halisongi mbele wala nyuma. Hapo tajiri akasema dereva ameliharibu kwa kukanyaga vibaya, na shilingi 48,000 za giaboksi nyingine zitakatwa katika mshahara wake, 6,000 kila mwezi.

Ndugu zangu, nililipeleka shauri hili moyoni mwangu siku nyingi. Mimi si fundi wa motokaa, lakini mafuta na vyuma nayajua, na yule kijana alikuwa na haki. Ila hakuwa na kitu cha kuonyesha. Hakuna karatasi, hakuna mafuta, hakuna shahidi. Ndipo nikaona kwamba dereva wa gari la otomatiki yuko katika hatari kuliko dereva wa gari la klachi ya mguu. Klachi ya mguu ikiisha, fundi huitoa, na kila mtu anaona sahani imekwisha. Giaboksi otomatiki imefungwa kama sanduku la benki. Likifa hakuna anayejua limekufaje, na lawama humwangukia yule aliyekuwa amekaa kitini.

Basi nitaeleza kidogo kilichomo. Katika gari hili injini haikushikana na giaboksi kwa chuma. Kati yao kuna konveta, na ndani yake ni kama mapanka mawili yanayotazamana katika mafuta. La injini linapozunguka, mafuta hurushwa yakalizungusha la pili. Mjerumani Hermann Föttinger ndiye aliyetunga jambo hili mwaka 1905, kwa ajili ya mashine za meli. Wenzangu wa yadi watakumbuka kwamba ziko injini ndogo za kupangia mabehewa zinazokwenda kwa njia hiyo hiyo. Nyuma ya konveta kuna pampu inayozungushwa na injini, na mafuta ya pampu hiyo ndiyo yanayobana sahani za klachi, moja kwa gia hii, nyingine kwa gia ile, yakipita katika vijia vyembamba vyenye valvu. Sahani hizo zimebandikwa ngozi laini mfano wa karatasi nene. Kwa hiyo mafuta yale yale yanasukuma gari, yanabana klachi, yanalainisha vyuma, na yanachukua joto kulipeleka kwenye rejeta likapoe.

Ukilielewa hilo utaelewa yaliyompata ndugu yangu. Giaboksi ina tundu dogo la kupumulia kwa juu. Ikiwa imepata moto kisha ikazamishwa ghafla katika maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji, kama chupa ya moto ukiiziba na kuitia mtoni. Maji yakichanganyika, mafuta huwa kama maziwa yaliyotiwa rangi nyekundu, na gundi iliyoshika ngozi za klachi huanza kulegea. Tena gari likivutwa kwa kamba injini imezimwa, pampu haizunguki. Magurudumu yanazungusha vyuma vya ndani bila mafuta ya kutosha. Gari la otomatiki lafaa lipakiwe juu ya lori, au magurudumu yanayoendeshwa na giaboksi yainuliwe, na kwa Probox nyingi hayo ni ya mbele. Sasa niambieni, nani aliyeagiza gari lipite majini, na nani aliyekataa mafuta yasibadilishwe?

Neno hili la mafuta ya maisha limetuharibia magari mengi. Kweli, wako watengenezaji wanaosema katika matumizi ya kawaida mafuta hayahitaji kubadilishwa. Lakini vitabu vingi vya gari vina ukurasa mwingine wa matumizi mazito: vumbi, joto kali, mizigo, safari fupi fupi za kusimama na kuondoka. Huo ndio Ifo mtupu. Tena sheria yetu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo gari kuukuu la Japani mara nyingi hutufikia likiwa na miaka saba, na maisha hayo ya mafuta yamekwisha kuliwa nusu huko huko. Na kitabu chake, kama kimekuja, kimeandikwa Kijapani.

Agosti 2024 nilipata likizo nikaenda Ifo. Ndugu yangu alikuwa amepata Probox ya tajiri mwingine, ya otomatiki vile vile, naye ana moyo mzito. Nikamwambia, hili tutalihudumia wenyewe hapa nyumbani, mimi na wewe, na kila tunachofanya tutakiandika. Tukanunua mafuta Garissa kabla ya kupanda gari. Nasema Garissa kwa sababu fundi wa Ifo aliye mkimbizi, hata akiwa hodari namna gani, hawezi kwenda huko apendavyo bila kibali, basi hutia mafuta anayoyakuta dukani. Usimcheke.

Mafuta yenyewe ni jambo la kwanza. Usikubali kuambiwa ATF ni ATF. Toyota za zamani zinataka Type T-IV, za baadaye zinataka WS, na tangu mwaka 2014 Probox zilianza kuja na giaboksi ya namna nyingine iitwayo CVT, isiyo na gia za kuhesabika bali mkanda wa chuma unaopanda na kushuka katika kapi mbili. Hiyo ina mafuta yake peke yake. Ukiitia ya T-IV unaiua kwa mkono wako. Jina la mafuta mara nyingi limechorwa kwenye kijiti cha kupimia au kwenye bolti ya kutilia. Lisome kwa macho yako.

Tukachagua alfajiri, kabla upepo haujaanza. Ifo ikifika saa nne vumbi liko hata kinywani. Tukaliwasha gari tukalizungusha kidogo mafuta yapate uvuguvugu, si moto wa kuchoma, maana nimeona mtu aliyemwagikiwa mafuta ya moto kifuani na sitaki kuona tena. Gari likasimamishwa mahali pa sawa, gia iko P, breki ya mkono imefungwa, magurudumu ya nyuma yamewekewa kabari za mti. Mchangani jeki huzama, kwa hiyo chini yake tuliweka ubao mpana. Tena hatukuiamini jeki peke yake: tulitia magogo manene chini ya mwili wa gari, kila upande, kabla mtu hajaingia kichwa. Katika karakana yetu mtu haingii chini ya behewa lililoinuliwa kwa jeki tu, na motokaa ingawa ni ndogo yatosha kumuua mtu.

Bolti ya kutolea mafuta iko chini ya sufuria ya giaboksi. Angalieni sana isiwe ya injini: wako waliomwaga mafuta ya injini wakaongeza ya giaboksi juu ya yaliyokuwamo, wakapata hasara mbili kwa asubuhi moja. Ya kwetu ilitaka ufunguo wa pembe sita wa milimita 10. Yakatoka mafuta meusi yenye harufu ya kuungua kidogo, tukayakinga katika karai safi. Tukayaacha yapoe kabisa, kisha tukayapima kwa chupa za lita moja. Zikawa lita tatu kasoro kidogo. Kupoa kuna maana, kwa kuwa mafuta ya moto hufura, na ukipima ya moto ukarudisha baridi kwa kipimo kile kile utakuwa umezidisha. Tukarudisha kiasi kile kile cha mafuta mapya kwa tundu la kijiti, kwa mrija na kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Hapo palikuwa na ubishi. Fundi mmoja jirani, mzee wa watu aliyekuja Ifo tangu mwanzo, alitaka tufungue na sufuria tuoshe filta. Nilimheshimu, nikamwomba tusifanye. Kufungua sufuria pale nje, penye mchanga unaoruka, ni kuitia giaboksi changarawe katika vile vijia vyembamba vya valvu. Kama filta yahitaji kuguswa, na iguswe katika chumba chenye sakafu na mlango. Mzee akanywa chai yetu akasema wanarelwe ni waoga. Huenda.

Tulikataa pia shauri la kupeleka gari Garissa likaoshwe giaboksi kwa mashine ya kusukuma mafuta kwa nguvu. Katika giaboksi iliyokaa miaka mingi na mafuta yale yale, uchafu ulioganda huweza kung'oka kwa wingi ukaenda kuziba valvu. Kutoa na kutia ni polepole lakini ni salama zaidi. Kweli, kutoa mara moja hakumalizi mafuta ya zamani, maana mengi hubaki katika konveta. Tuseme unatoa nusu. Mara ya kwanza nusu ya zamani inabaki, mara ya pili robo, mara ya tatu sehemu moja katika nane. Ndugu yangu alifanya mara tatu, kila baada ya wiki mbili, na mara ya tatu yalitoka mekundu. Gharama yake ni lita tisa za mafuta. Ilinganisheni na 48,000.

Kupima nako kuna utaratibu. Injini ikiwa inanguruma na mafuta yamepata moto wa safari, unakanyaga breki, unapitisha gia kutoka P mpaka chini kabisa, ukisimama kidogo kila moja, unarudi P, ndipo unachomoa kijiti, unakifuta, unakitia, unakisoma upande wa moto. Yakipungua, pampu huvuta hewa. Yakizidi, hupigwa yakatoa povu, na povu halibani klachi. Gari zisizo na kijiti hupimwa kwa bolti ya kufurika, na nyingi zataka mafuta yawe kadiri ya digrii 40. Mchana wa Garissa hewa yenyewe ni 35 na zaidi, na gari lililosimama juani limekwisha kupita kipimo kabla hujaliwasha. Gari la namna hiyo nalo ni la alfajiri.

Sasa kuna neno la kweli ambalo sipendi kulificha. Kama giaboksi imekwisha kuteleza, injini inalia na gari haliendi, kubadili mafuta hakutaifufua, na pengine itakufa wiki ile ile. Ndiko ulikotoka usemi wa kwamba mafuta mapya huua. Klachi zilikuwa zimekwisha zamani. Gari la namna hiyo mpe fundi, wala usishike spana, maana utaitwa wewe uliyeliua. Na mafundi wasituone tunawanyang'anya mkate. Kumwaga na kutia ni kazi ya mwenye gari au dereva wake. Kufungua giaboksi ni kazi yao, na walipwe.

Mafuta machafu tuliyatia katika dumu, hatukuyamwaga. Maji ya Ifo na Dadaab nzima hutoka visimani, chini ya mchanga huo huo tunaoukanyaga. Mengine mzee yule aliyachukua kupaka miti ya boma lake kwa ajili ya mchwa.

Lakini chupa moja ndogo tuliibakiza. Hapa ndipo penye maoni yangu hasa. Katika relwe dereva wa injini akiona hitilafu huiandika katika kitabu, na fitta akiitengeneza huandika alichofanya akatia sahihi. Injini ikiharibika, kitabu kinasema. Dereva wa Probox hana kitabu. Tumemnunulia ndugu yangu daftari la shilingi 50. Ndani yake kuna tarehe, kilomita za gari, jina la mafuta na lita ngapi zimetoka na ngapi zimeingia, na rangi yake. Risiti zimebandikwa. Ile chupa ya mafuta ya zamani imeandikwa tarehe na kufungwa. Na akimwambia tajiri habari ya hitilafu, humwandikia kwa simu, hamwambii kwa mdomo tu, kisha huinakili katika daftari.

Maana sheria iko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu tajiri kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibika, lakini iwe kiasi cha haki, na iwe mfanyi kazi ameiharibu kwa kosa la makusudi. Tena makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili za mshahara. Kupita majini kwa amri ya tajiri si makusudi ya dereva. Kuzeeka kwa mafuta ambayo tajiri amekataa kuyanunua si makusudi ya dereva. Lakini mbele ya ofisa wa kazi neno la tajiri na neno la dereva hupigana, na asiye na karatasi hushindwa, hata kama Mungu anamjua.

Kwa hiyo naomba katibu wa tawi alitie jambo hili katika mkutano ujao: tuchape kurasa za daftari la namna hiyo, mistari tu na vichwa vya habari, kwa mashine yetu ya kuchapia, tuwape jamaa zetu madereva kwa bei ya karatasi. Na sisi tulio na motokaa zetu wenyewe mikononi mwa ndugu, tuanze kwa kununua mafuta. Mimi najua mwanachama mmoja wa tawi letu, sitamtaja, aliyemkata mpwa wake fedha za giaboksi mwaka jana. Alipokuwa akilalamika karakanani juu ya makato yetu nilitamani kumwuliza.

Makato ya ndugu yangu yalifika shilingi 18,000 alipoacha kazi kwa yule tajiri wa kwanza. Barua ya kuzidai tumeiandika na kuipeleka ofisi ya kazi Garissa. Gari la sasa laendelea kushika D bila kuchelewa, na daftari limefika ukurasa wa sita.

Ni mimi ndugu yenu,
Fitta wa Karakana, Nairobi